Daftari, Ramani na Jina la Mgonjwa: Jinsi Kampala Ilivyounganisha Kumbukumbu za Tiba

Mgonjwa akienda kwenye kituo cha afya cha serikali hapa Kampala, mara nyingi huombwa aje na daftari la shule, lile jembamba la mistari linalouzwa kwenye kibanda mlangoni. Daktari huandika humo dalili, majibu ya maabara na dawa, kisha mgonjwa huondoka nalo. Kituo hubaki na mstari mmoja tu katika rejista yake. Siku mgonjwa huyo akienda kituo kingine, au akihamia Gulu au Mbarara, mambo yote yaliyoandikwa yatategemea kama hakulipoteza lile daftari, au kama mtoto hakulichana kurasa.

Kwa hiyo tukisikia leo kwamba wataalamu wanataka kuunganisha kumbukumbu za wagonjwa wa mikoa mbalimbali ili zitumike katika utafiti, tunaweza kudhani ni jambo geni lililoletwa na kompyuta. Insha hii inaonyesha kwamba si hivyo. Katika mji huu kazi hiyo ilianza zaidi ya miaka 60 iliyopita, kwa kalamu, barua za posta na pini za rangi. Tena baadhi ya mambo makubwa ambayo dunia inayajua kuhusu saratani yalipatikana kwa sababu mtu fulani Kampala alichukua karatasi ya hospitali moja akailinganisha na karatasi ya hospitali nyingine.

Mwanzo wake uko Namirembe. Daktari Albert Cook alifika Buganda mwaka 1897 pamoja na msafara wa wamisionari wa Church Missionary Society waliotembea kutoka pwani, na mwaka huo huo akaanzisha Hospitali ya Mengo. Cook alikuwa mtu wa kuandika. Maelezo ya wagonjwa wake yalihifadhiwa mwaka baada ya mwaka, yakajalidiwa, na leo maktaba ya chuo cha tiba cha Makerere pale Mulago inaitwa kwa jina lake. Sidhani kwamba alikuwa anawaza utafiti wa miaka 60 mbele. Alikuwa daktari mwenye wagonjwa wengi na hakutaka kusahau. Lakini karatasi zina tabia hiyo, huandikwa kwa haja ya leo na kusomwa kwa haja ya kesho.

Cook alifariki mwaka 1951. Mwaka huo huo, ng'ambo ya pili katika kilima cha Mulago, idara ya patholojia ya Makerere ilianzisha Daftari la Saratani la Kampala. Aliyelianzisha ni J. N. P. Davies, na lengo lake lilikuwa kujibu swali ambalo wakati ule lilijibiwa kwa maneno matupu. Wazungu wengi, madaktari wakiwamo, walidai kwamba Waafrika hawaugui saratani, au huiugua kwa nadra mno, na kwamba ikionekana basi ni matokeo ya ustaarabu mpya. Hospitali peke yake haiwezi kujibu dai kama hilo. Hospitali huhesabu waliofika. Haijui waliobaki nyumbani, wala haijui ni watu wangapi wanaoishi katika eneo linaloitegemea.

Davies na wenzake walichagua eneo lenye mipaka, yaani kaunti ya Kyadondo ambamo Kampala imo. Kila mkazi wa Kyadondo aliyegunduliwa kuwa na saratani aliandikwa, awe ameonekana Mulago, Mengo, Nsambya au Rubaga. Hapa ndipo ugumu wa kuunganisha unapoanza, kwa sababu mtu mmoja huweza kupimwa Nsambya, akapasuliwa Mulago na kufia Mengo. Kama karani hakugundua kwamba hao watatu ni mmoja, saratani moja inakuwa tatu. Halafu jumla hiyo hugawanywa kwa idadi ya wakazi iliyotolewa na sensa, na hapo ndipo unapata kiwango kinachoweza kulinganishwa na cha nchi nyingine. Tunapowasifu maprofesa tusiwasahau makarani hawa. Majina yao hayamo katika makala yoyote niliyoyasoma, lakini kila namba katika makala hayo imepita mikononi mwao.

Baadaye Davies alirudi kwenye karatasi za Cook. Mwaka 1964 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapa uchambuzi wa kumbukumbu za Mengo kuanzia 1897 hadi 1956. Waandishi walikuwa Davies, Sally Elmes, M. S. R. Hutt, L. A. R. Mtimavalye, R. Owor na Lorna Shaper. Msomaji ataona kwamba katika orodha hiyo kuna majina ya Waafrika wa Mashariki, na Owor baadaye alikuja kuwa profesa wa patholojia Makerere. Jibu walilolipata lilikuwa wazi: saratani ilikuwapo tangu mwanzo. Wagonjwa wa Cook walikuwa nayo kabla ya reli kufika na kabla ya hayo yaliyoitwa ustaarabu kuenea. Dai la miaka mingi lilianguka kwa sababu ya maandishi ambayo hayakuandikwa kwa ajili ya kuliangusha.

Sasa tufike kwa Denis Burkitt, ambaye habari yake inajulikana zaidi, ingawa mara nyingi husimuliwa kama habari ya mtu mmoja mwerevu. Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, mwenye jicho moja tangu utotoni. Alikuja Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira kisha Mulago. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama kile. Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, akachungulia dirishani, akamwona mtoto mwingine mwenye uso ule ule. Mtoto mmoja ni ajabu. Watoto wawili katika miji miwili ni swali.

Alianza kwa kupekua majalada ya Mulago, akakuta kwamba watoto wenye taya zilizovimba mara nyingi walikuwa na uvimbe mahali pengine pia, tumboni, kwenye figo, kwenye ovari. Kila uvimbe ulikuwa umeandikwa chini ya jina lake kama ugonjwa wa peke yake. Mwaka 1958 alichapa makala yake ya kwanza. Kisha akafanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Alichapisha vipeperushi vyenye picha za ugonjwa huo, akavituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni katika Afrika, akiuliza swali moja: mmewahi kumwona mtoto kama huyu? Serikali ilimpa ruzuku ndogo ya kugharimia vipeperushi na stempu. Majibu yalipokuja alichoma pini kwenye ramani iliyotundikwa ukutani.

Tuiangalie ramani hiyo kwa makini. Kila pini ilikuwa kumbukumbu ya mgonjwa iliyofupishwa mpaka ikabaki mahali tu. Jina lake, kabila lake na umri wake havikuwepo. Hospitali nyingi zilizojibu hazikuwahi kuwasiliana, nyingine zilikuwa chini ya Waingereza, nyingine chini ya Wabelgiji, nyingine za Wakatoliki na nyingine za Waprotestanti, na kila moja ilikuwa na rejista ya aina yake. Lakini picha moja na swali moja viliziwezesha kusema lugha moja. Ukanda ukaonekana ukivuka bara kutoka magharibi hadi mashariki, na mkia wake ukishuka upande wa Msumbiji.

Tarehe 7 Oktoba 1961 Burkitt aliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Alikuwa na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams wa Hospitali ya Kuluva karibu na Arua, ambaye alijua pia kutengeneza magari, na Clifford Nelson. Walisafiri wiki 10 na maili zipatazo 10,000, wakipita Tanganyika na nchi za kusini mpaka Afrika Kusini, wakisimama hospitali baada ya hospitali kuuliza wapi ugonjwa unaonekana na wapi hauonekani. Tanganyika ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba, safari hiyo ikiwa inaelekea mwisho.

Walichokitafuta ni ukingo wa ukanda. Katika Afrika ya Mashariki waliona kwamba ugonjwa unatoweka kwenye nyanda za juu, zaidi ya futi 5,000 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo wa kimo ulikuwa ukishuka. Kwa hiyo jambo halikuwa kimo chenyewe, lilikuwa joto. Alexander Haddow wa taasisi ya utafiti wa virusi pale Entebbe aliitazama ramani akaona kwamba inafanana na ramani za joto na mvua ambazo wataalamu wa mbu wanazijua. Lakini kulikuwa na mahali palipokataa kufuata kanuni. Unguja na Pemba kuna joto na mvua ya kutosha, na bara mbele yao ugonjwa ulikuwapo, lakini visiwani haukuonekana. Huko malaria ilikuwa imepigwa vita kwa nguvu. Visiwa viwili vilivyokosa pini viliongeza nguvu hoja kwamba malaria inahusika. Watu wa pwani wanaojua historia ya afya ya Zanzibar huenda wasijue kwamba visiwa vyao vimo katika hoja hii.

Mwezi Machi 1961, kabla ya safari ile, Burkitt alikuwa amezungumza katika hospitali moja ya London, na msikilizaji mmoja, Anthony Epstein, alikuwa akitafuta virusi vinavyosababisha saratani. Tangu hapo vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala kwenda London, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Ndivyo virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Vina majina ya Epstein na Barr, na ugonjwa una jina la Burkitt. Watoto waliotoa vipande hivyo hawana jina popote katika historia hii. Mtu anaweza kusema kwamba hiyo ni heshima, siri yao imetunzwa. Mimi naona mambo yote mawili kwa pamoja, na sioni kwamba moja linafuta jingine.

Kazi iliyofuata ilihitaji kitu ambacho ramani ya pini haikuwa nacho, yaani kumfuata mtu yule yule kwa muda. Pale Kuluva, Ted Williams alikuwa akiandika kwa uangalifu mtoto anatoka kijiji gani na uvimbe ulianza lini. Kwa kumbukumbu hizo yeye na wenzake waliweza kuonyesha mwaka 1967 kwamba wagonjwa wa West Nile wa 1961 hadi 1965 walikuwa wakitokea kwa mafungu, karibu karibu kwa mahali na kwa wakati. Mwaka huo huo wa 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ilifunguliwa Mulago, ikianza na watoto wenye ugonjwa wa Burkitt. Baadhi walipona kwa dawa. Lakini huwezi kusema mtoto amepona mpaka umpate tena baada ya miaka, na kumpata maana yake ni kumtafuta kijijini kwao, kwa jina la baba, la chifu na la shule.

Kisha wakaja watafiti wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao Lyon, wakiongozwa na Guy de-Thé. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile, wakaihifadhi na kungoja. Wachache sana kati yao, hawakufika 20, walikuja kuugua. Walipougua, damu yao ya zamani ilitafutwa ikapimwa, na ikaonekana kwamba wengi wao walikuwa na kingamwili nyingi dhidi ya virusi vya Epstein na Barr muda mrefu kabla ya uvimbe kutokea. Matokeo yalichapwa mwaka 1978. Fikiria yote hayo yalitegemea nini: mtoto aliyetobolewa kidole au mkono kijijini, chupa iliyo Ulaya, na mtoto aliyelazwa hospitalini miaka michache baadaye. Kama uzi mmoja kati ya hivyo vitatu ungekatika, damu 42,000 zingekuwa kazi bure. Na huo ulikuwa wakati wa Idi Amin.

Kuhusu wakati wa Amin nitasema kwa ufupi, kwa kuwa mengi yameandikwa. Waasia walifukuzwa mwaka 1972, walimu wa kigeni waliondoka Makerere, wengine wa hapa walikimbia au waliuawa. Pale kwenye taasisi ya saratani Charles Olweny alishika uongozi na matibabu yakaendelea kwa vifaa vichache. Daftari la Saratani halikuweza kudumu. Lilififia, likasimama. Lilifufuliwa mwaka 1989, na katika pengo hilo wako watu wa Kyadondo walioishi, wakaugua na kufa bila kuhesabiwa.

Lilipofufuliwa, lilikuta Kampala nyingine. Henry Wabinga na wenzake walipochapa hesabu za 1989 hadi 1991, saratani ya Kaposi, iliyokuwa ikijulikana Uganda tangu zamani lakini si kwa wingi huo, ilikuwa karibu nusu ya saratani zote za wanaume zilizoandikwa. Nani angeweza kusema kwamba hilo ni ongezeko, na kwa kiasi gani? Ni yule tu mwenye hesabu za miaka ya 1950 za kaunti hiyo hiyo, zilizopigwa kwa njia hiyo hiyo. Miji mingi ya Afrika iliyopigwa na UKIMWI haikuwa na kitu cha kulinganisha.

Hapa ndipo tunapofikia uunganishaji wenyewe kwa maana ya leo. TASO, shirika lililoanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake kuwasaidia watu wenye VVU, lilikuwa na orodha ya wateja wake. Daftari la Saratani lilikuwa na orodha yake. Samuel Mbulaiteye na wenzake walichukua watu 12,607 wa Kyadondo waliohudumiwa na TASO kati ya 1988 na 2002, na kwa kompyuta wakaoanisha orodha hiyo na ile ya saratani. Utafiti huo ulichapwa mwaka 2006. Ulionyesha kwamba hatari ya Kaposi, ya limfoma na ya saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imepanda kwa watu wenye VVU. Hakuna mgonjwa aliyechomwa sindano mpya wala kuulizwa swali jipya. Elimu hiyo ilikuwa imelala kati ya makabati mawili.

Lakini kompyuta inaoanisha nini hasa? Inaoanisha majina, na majina ya Kampala si jambo rahisi. Muganda hupewa jina la ukoo wake na jina la dini, na kwa desturi si lazima abebe jina la baba. Ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza wasiwe na jina hata moja la pamoja. Mama akizaa mapacha huwa Nnalongo, na baba huwa Ssalongo, na wengi huandikwa hivyo hospitalini kwa sababu ndivyo wanavyoitwa. Karani mmoja ataandika Nakato, mwingine Nnakato. Sserwadda huwa Serwada, na l na r hubadilishana nafasi kila mahali. Mhamiaji kutoka kaskazini hukutana na karani asiyejua lugha yake. Mwaka wa kuzaliwa hukisiwa. Kwa hiyo kila uoanishaji una makosa ya aina mbili: kuwaunganisha watu wawili tofauti, na kumkosa mtu ambaye ni yule yule. La pili hupunguza hesabu kimyakimya, na ndilo naliogopa zaidi, kwa sababu namba ndogo huonekana kama habari njema.

Halafu liko jambo la siri. Katika miaka ile watu wa Kampala waliuita ugonjwa huo siliimu, na kulitaja neno hilo karibu na jina la mtu kulitosha kumpotezea kazi, chumba cha kupanga au mchumba. Mtu aliyeandikwa TASO alikuwa amewaamini TASO. Je, alikuwa amewaamini pia walioketi Mulago? Baadhi watajibu kwamba alikuwa amekwisha kufa na utafiti uliwafaidi waliobaki. Jibu hilo halinitoshi, ingawa matokeo ya utafiti nayathamini. Ndugu wa marehemu wako hai, na jina la ukoo ni lao pia. Ndiyo maana watafiti hutumia jina kuoanisha tu, kisha huliondoa kabla hesabu hazijaanza. Usalama wote umo katika muda ule mfupi ambao jina na ugonjwa viko katika karatasi moja, na katika uaminifu wa mtu aliyeishika.

Sheria ilichelewa. Katiba ya 1995, ibara ya 27, inalinda faragha ya mtu kwa jumla, lakini sheria ya kulinda data binafsi ilipatikana mwaka 2019, miaka 68 baada ya Daftari la Saratani kuanza. Sheria hiyo inazihesabu habari za afya miongoni mwa zile zinazohitaji ulinzi wa pekee. Wakati huo huo serikali ilikuwa imekwisha kuanza kuwapa raia namba za kitambulisho cha taifa, namba ambayo ingeweza kumaliza tatizo la Nakato na Nnakato kwa siku moja. Namba hiyo hiyo ingeweza pia kumfuata Nakato kutoka kliniki hadi benki.

Gulu sasa ina daftari lake la saratani, kwa hiyo mgonjwa wa kaskazini anayekuja kutibiwa Mulago anaweza kuhesabiwa kwao badala ya kuhesabiwa mgeni huku. Wizara ya Afya hukusanya kwa kompyuta hesabu za vituo vya nchi nzima, ila hizo ni jumla: wagonjwa wangapi wa malaria, wajawazito wangapi. Anayetaka kujua kama mjamzito wa Arua mwezi wa tatu ndiye mgonjwa wa Mulago mwezi wa tisa bado hana budi kumwomba mwenyewe alifungue daftari lake, na mara nyingi kurasa za mwanzo zimeshatumika na mtoto kufanyia hesabu.